Shamba la Baba Jesca

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Godfrey amerudi kutoka Migungani akiwa mweupe. Vumbi! Kichwani, kwenye kope, mpaka ndani ya masikio. Nimemzuia mlangoni, nikampelekea ndoo ya maji nyuma ya nyumba. Ameoga huku anasimulia kwa sauti, nadhani Bigwa nzima imesikia. Shamba limelala sawa, Mama Jesca! Ukiweka kabichi chini, kabichi inakaa!

Kwa watu tuliozaliwa Mgeta hiyo si habari ndogo. Kwetu kabichi ikikuponyoka unaifuata kwa jirani wa chini, na ukichelewa unakuta ameshaipika.

Nimecheka peke yangu jikoni. Mume wangu ana miaka sitini na kitu, amestaafu kiwandani Mzinga, magoti yake yanalia kama bawaba. Leo amekula sahani mbili na kulala huku anatabasamu. Namwangalia hapa, bado anatabasamu.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya kwanza. Baadaye chai na viazi. Godfrey ameshaondoka tena kwenda Migungani, hata Jumapili!

Niandike hapa, maana nikisema kwa sauti nitalia. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Nyumba hii ya Bigwa imesimama kwenye ardhi ya ukoo wangu. Vishamba vya Mgeta, vya ukoo wangu pia. Jesca wetu ni mtoto wa ukoo wangu. Akitaka pa kulima atapewa na kaka zangu. Ardhi ya ukoo wa Godfrey imekwenda kwa watoto wa dada zake, ndivyo ilivyo, na hajawahi kulalamika. Amelima kwangu tangu tuoane, amelima vizuri, na kila mavuno alikuwa anasema "shamba lako limetupa", kama mgeni anayeshukuru chakula.

Halafu wiki aliyostaafu, tukiwa tunamenya njegere, akasema: kabla sijafa nataka nimpe mwanangu ardhi kwa mkono wangu mwenyewe. Akaendelea kumenya njegere. Mimi sikuweza.

Basi serikali ya kijiji cha Migungani, huko kwenye tambarare ya Mkata, ilipotangaza kugawa eneo lililokaa bure, aliomba. Akapewa. Sharti ni moja. Mwaka ukianza, kamati ya kijiji inapita. Shamba lililoendelezwa linaandikwa jina la mwenyewe. Lisiloendelezwa anapewa mwingine, na wanaosubiri ni wengi.

Tulimpigia simu Jesca, Dodoma. Godfrey alieleza mpaka akakohoa. Jesca akasema, "Vizuri, Baba." Basi! Mtoto amesomea udongo hapa hapa Morogoro, kazi yake ni kupima udongo wa watu, na kwa udongo wa baba yake amepata maneno mawili. Kama analitaka au halitaki, hakuna aliyemuuliza. Mimi sithubutu. Naogopa jibu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeshuka Migungani kwa mara ya kwanza. Jua! Ukisimama unahisi linakubonyeza utosini. Nyuma yetu milima ya Uluguru ina mawingu kama kawaida, imejitanda, na huku chini hakuna hata kivuli cha wingu. Majani yamekauka rangi ya mkate. Migunga hapa na pale, miiba mirefu kama vijiti vya kufumia.

Shamba lenyewe ni la rangi tatu, hata mimi nimeona. Juu, kando ya njia ya zamani ya mikokoteni, kuna ukanda mwembamba wa kichanga chekundu, vichaka na visiki tele. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi, umepasuka nyufa ambazo kandambili yangu moja nusura ipotelee humo. Na katikati pana uwanja mweupe. Hakuna mti, hakuna kisiki, hata jani. Safi kama umefagiliwa.

Godfrey ameuchagua huo mweupe. Nami nimesema pazuri! Kwetu mlimani mahali peupe ni mahali ambapo mtu ameshatoka jasho. Babu wa mtu alikata miti hapo. Kwa hiyo tukafurahi wote wawili kwamba kuna mtu alishatufyekea.

Halafu nikaona anachochimba. Ngazi! Zile ngazi za Mgeta, moja juu ya nyingine, majani yamefukiwa chini, kingo zimepigwa kwa mgongo wa jembe. Kwenye tambarare! Nikamuuliza, Baba Jesca, ngazi ya kwenda wapi? Akasema udongo usiporomoke. Uporomoke uende wapi? Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema shamba bila ngazi halionekani kama shamba.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye akacheka, lakini hakuacha kuchimba.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku hizi analala huko huko chini ya turubai, Jumamosi ananirudia. Leo nimempelekea unga na dagaa.

Ameendelea sana. Amefyatua matofali kwa udongo ule ule mweupe, ameyakausha juani, chumba kimoja kimefika usawa wa dirisha. Uwanja wote amezungushia ua wa matawi ya migunga. Amenitembeza kila pembe. Hapa tutalala. Hapa Jesca ataweka gari lake. Jesca hana gari! Atakuwa nalo, akasema.

Tatizo ni ng'ombe. Kuna kijana wa Kimasai anaitwa Leonard, anachunga kundi kubwa maeneo hayo. Ng'ombe wake kila wakifika kwenye ua wanasimama, wanamkodolea Godfrey macho. Hawali ua. Hawapigi pembe. Wanatazama tu, na mate yanawatoka. Leonard anaamkia, "Shikamoo mzee," anawaswaga, wanakwenda. Kesho wapo tena. Godfrey anasema wanamwangalia kama waumini wanaosubiri padre afungue kanisa.

Juzi walivunja ua. Akauziba. Hakugombana na Leonard, ila amechoka, nimemwona usoni. Usiku wa leo namwombea.

Jumamosi, 16 Novemba

Jesca amekuja likizo! Amekonda. Anasema ndio mtindo. Nimempikia ndizi za nazi na amekula kama mtu ambaye hajakonda.

Kesho tunashuka wote. Baba yake amemwambia avae nguo nzuri, anataka kumpiga picha mbele ya nyumba.

Jumapili, 17 Novemba

Siku ndefu. Niandike taratibu.

Jana usiku kulinyesha Migungani manyunyu, hata si mvua. Tulipofika, ukuta wa upande wa milima haukuwepo. Sisemi ulianguka. Uliyeyuka. Matofali yamekuwa uji mweupe umetandaa chini, na kuta nyingine zimelegea kama sabuni iliyosahaulika ndani ya maji. Godfrey akasimama na simu yake ya kupigia picha mkononi. Jesca na gauni lake.

Jesca akavua viatu, akaomba jembe na sururu. Akachimba shimo kwenye ule uwanja mweupe. Juu kaganda kembamba ka unga. Chini yake udongo umeshikana nguzo nguzo, mgumu, sururu inaruka. Baba yake akampokea, wakawa wanapokezana. Halafu Jesca akaomba bilauri mbili za maji. Moja akatumbukiza bonge jeupe. Nyingine bonge jeusi la mbuga. Tukakaa tumezizunguka bilauri kama watu wanaosubiri chai ipoe.

Bonge jeusi lilimomonyoka likakaa chini, maji juu yakabaki maji. Jeupe liliyeyuka lote, maji yakawa maziwa, na hayakutulia tena.

Akaeleza kwa upole, naona alikuwa anachagua maneno. Ni magadi, Baba. Udongo umejaa magadi. Maji yakiugusa unavunjika, unaziba, hauingizi maji wala mzizi. Ndiyo maana hakuna mti. Hakuna mtu aliyefyeka hapa. Hapakuwahi kuota kitu.

Leonard alikuwa pembeni na ng'ombe wake. Godfrey akamuuliza, na wewe ulijua? Akasema ndiyo mzee, hapa ng'ombe wanakuja kulamba, tangu babu yangu. Mbona hukuniambia? Kijana akaona aibu. Akasema, niliona mzee ni mtu wa kiwandani, nikajua una dawa yake.

Mzee Mikidadi, mwenyekiti wa kijiji, naye alisema hivyo hivyo tulipompitia kurudi. Kijiji kizima walidhani tuna dawa! Walikuwa wanasubiri kuona.

Njiani Godfrey alikaa mbele na dereva. Tulipofika Kihonda akageuka, akamwambia Jesca, kumbe nimekupa chumvi, mwanangu. Jesca akatazama dirishani. Sikujua ni yupi nimshike mkono. Nimemshika Jesca kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Jumanne, 19 Novemba

Godfrey anakula, anashukuru, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba kunoa jembe ambalo lina makali tayari.

Jesca amemfuata huko. Nimesikiliza dirishani, ndiyo, nimesikiliza, ni nyumba yangu. Akamwambia shamba si baya lote. Ule weupe auache, kuutibu kunahitaji jasi malori kwa malori na mvua ambayo huko hakuna. Ukanda wa kichanga ujengwe nyumba, upandwe mtama na alizeti. Na ule weusi, Baba, ndio shamba. Mpunga.

Mpunga! Nilimsikia Godfrey anainuka. Mtu wa Mgeta alime mpunga? Asimame kwenye maji kama korongo?

Jesca akacheka kidogo. Akasema weusi una rutuba kuliko vishamba vyote vya mama, ila una hasira zake. Ukikauka ni jiwe. Ukilowa ni gundi, unavua kiatu na mguu. Katikati ya jiwe na gundi zipo siku chache, mvua ya kwanza ikishapita na ya pili haijaja, hapo unakubali jembe. Ukizikosa umekosa msimu.

Jioni tukiosha vyombo nilimuuliza. Nilijikaza, nikamuuliza tu: na wewe Jesca, shamba unalitaka? Akafuta sahani moja kwa muda mrefu. Akasema, "Baba hajaniuliza, Mama. Yeye ameamua kunipa. Kunipa na kuniuliza ni vitu viwili."

Kweli ni viwili. Nimemwambia basi amweleze baba yake mwenyewe, asingoje kuulizwa. Akasema hapana. Ukaidi huu ameutoa kwa nani? Si kwa ukoo wangu!

Jumatano, 20 Novemba

Jesca amerudi Dodoma na basi la asubuhi. Baba yake amembebea begi mpaka stendi. Wameagana kwa kushikana mikono, kama maafisa.

Alhamisi, 5 Desemba

Simu ya Godfrey kutoka Migungani, nikiwa nachagua mchele. Mama Jesca, ng'ombe wanalamba nyumba.

Nikasema unasemaje? Akarudia. Wanalamba nyumba! Amefungua ua. Amekata matawi yote mwenyewe, akamwita Leonard, akamwambia lete wenzako. Ng'ombe wameingia kwa heshima, mmoja mmoja, na sasa wengine wanalamba chini na wengine wamejipanga ukutani wanalamba dirisha la chumba chetu cha kulala. Nikasikia anacheka. Anacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kuishiwa pumzi, ambacho sijakisikia tangu ile bilauri. Nikaketi kwenye kigoda na mchele mapajani nikacheka naye, sekunde kwa sekunde, vocha ikaisha.

Nampenda mtu huyu. Niliandika hivyo kwenye shajara yangu nikiwa chuo cha ualimu, naandika tena.

Ila kuna jambo. Uchaguzi wa vijiji umepita, Mzee Mikidadi amebaki mwenyekiti, na ametangaza kamati itapita Jumamosi ya kwanza ya Januari. Nyumba na ua ndivyo vilikuwa maendeleo yetu ya kuonyesha. Sasa ua umekatwa, na nyumba imeliwa. Kilichobaki ni mbuga, nayo ni jiwe, inasubiri mvua. Godfrey ameahidi atalima mpunga. Amesema neno "mpunga" kama mtu anayemeza kwinini.

Jumapili, 15 Desemba

Hakuna mvua Migungani. Hapa Bigwa imenyesha mara tatu. Nasimama uani, naona milima imefunikwa, mito inashuka inanguruma, na najua nyuma ya nyumba za Kihonda huko, kwenye tambarare, ni vumbi. Milima yetu inajinywea mvua yote kabla haijavuka. Nimeilaumu leo kwa mara ya kwanza maishani. Kisha nikaomba radhi, maana ni kwetu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Jesca yupo, Godfrey amepanda kutoka Migungani. Pilau, kuku, soda. Tumekaa wote barazani na hakuna aliyetaja udongo. Wingu lilipopita kuelekea kaskazini wote watatu tuligeuza shingo kulifuata. Wote! Jesca aliona nimeona, akatazama sahani yake.

Jumatatu, 30 Desemba

Imenyesha! Leonard amepiga simu alfajiri, anapiga kelele kushinda radi. Imepiga tangu jana jioni, nyufa za mbuga zote zimefumba.

Godfrey ameanza kuvaa kabla simu haijakatwa. Suruali nje ndani. Nimemrudisha.

Alhamisi, 2 Januari 2025. Migungani

Tumelala hapa tangu juzi, turubai limefungwa kwenye ukanda wa kichanga, penye pakavu. Mwaka mpya tumeuona tukiwa tumekaa kwenye ndoo. Naumwa kiuno na sina neno.

Jana na juzi ilikuwa kungoja tu. Kila baada ya muda Jesca anashuka kwenye mbuga, anachukua udongo, anaufinyanga mkononi, anajaribu kuuvunja kwa kidole gumba. Bado. Unanata. Baba yake anamfuata nyuma, naye anafinyanga. Bado? Bado. Wanatembea wameinamisha vichwa, mikono nyuma, mwendo ule ule. Mtu wa mbali angesema ni mtu mmoja na kivuli chake.

Leo asubuhi bonge lilivunjika. Jesca akapiga kelele, "Sasa!"

Na hapo akatokea Leonard na maksai wake na plau. Hatukumwomba. Alisema ng'ombe wamelamba mwezi mzima kwa mzee, wamenona, wacha na wao wafanye kazi. Godfrey, ambaye maisha yake yote amelima kwa jembe la mkono kwenye ngazi zilizo pana kama kitanda, alishika plau. Mstari wa kwanza ulikwenda kama nyoka. Wa pili kama nyoka mwenye adabu kidogo. Jesca na mimi tunafuata nyuma, yeye anavunja mabonge, mimi nanyunyiza mbegu.

Udongo ukigeuka unang'aa. Mweusi tii! Harufu yake tamu. Nimekiri kwa Godfrey kwamba sijawahi kuona udongo mzuri hivi, hata kwetu. Alifurahi mpaka akaona haya.

Lakini mchana, tumekaa tunakula mihogo, Jesca ameenda kuchota maji, Godfrey akaniambia kwa sauti ya chini. Tukimaliza, wakaliandika, nitakuwa nimempa nani? Mtoto ana kazi yake Dodoma. Alisema vizuri Baba, akaishia hapo. Nimemwambia Mzee Mikidadi hivyo hivyo, kwamba binti pengine hana shida na shamba.

Nikamwambia, Godfrey, muulize! Sikumwita Baba Jesca. Akashtuka. Akasema akisema hapana nitashikaje plau kesho?

Ijumaa, 3 Januari

Kazi tangu kuche. Mikono imetoka malengelenge, siwezi kuandika sana. Karibu nusu ya mbuga imelimwa. Mawingu yamekusanyika upande wa milima, leo hayajavuka. Ee Mungu, yashikilie, hata kama niliilaumu milima kwa kuyashikilia.

Jumamosi, 4 Januari

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hapa kwenye kichanga. Nimekatazwa kushuka, goti limevimba. Chai ipo tayari na hakuna wa kuinywa.

Wingu limevuka. Jeusi, linakuja chini chini, upepo umeshaanza kupeperusha turubai. Kipande kilichobaki si kidogo. Godfrey na Leonard hawajapumzika hata mara moja, plau inakwenda moja kwa moja, Jesca nyuma yao amejaa matope mpaka mapajani. Wanafukuzana na mvua.

Kamati wamefika! Pikipiki tatu, wameziacha njiani. Mzee Mikidadi, katibu wake, na mtu mwingine simjui, wa mjini, viatu vizuri, anatembea kwenye mpaka wa shamba letu anahesabu hatua. Nimeuliza huyu nani. Mikidadi akaangalia pembeni. Ni mwombaji anayefuata, Mama. Ametaka kuona tu.

Nimewaamkia, nimewakaribisha chai. Mikidadi anasema kwa heshima, lakini anasema. Alivyoambiwa ni kwamba hapa pana nyumba na ua. Nyumba iko wapi? Nimemweleza. Akaficha mdomo kwa kiganja, nadhani alitaka kucheka. Kisha akatazama mbuga. Akasema kazi inaonekana, kweli inaonekana, ila haijakamilika, na sharti walilipitisha wao wenyewe. Tena mzee ana umri. Na binti, mzee mwenyewe alimwambia, hana shida na shamba. Kamati imwandikie nani? Mtu ambaye mwakani magoti yatamkataa?

Amesema hayo kwa sauti ya kawaida. Lakini upepo unavuma kuelekea mbugani.

Jesca ameacha kuvunja mabonge. Anapanda huku. Anapanda polepole kwa sababu ya matope, kila hatua anang'oa mguu. Baba yake hajageuka, yuko na maksai wake. Jesca amefika, hana viatu, hajajifuta. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Mtu wa mjini amesimama kuhesabu.

Akasema, na hakusema polepole: "Mwenye shamba ni mimi. Baba ananilimia."

Mikidadi akamwuliza, una hakika? Una kazi yako Dodoma. Jesca akasema nina hakika tangu siku ya shimo. Nilikuwa nasubiri kuulizwa, nimechoka kusubiri.

Matone ya kwanza. Mikidadi ameshika kalamu, anatazama wingu, anatazama kipande kilichobaki, anamtazama katibu. Hawajasema ndiyo. Hawajasema hapana.

Na plau imesimama. Leonard anawapigia maksai mluzi, anamwita mzee, mzee twende, mvua hiyo! Godfrey hasogei. Ametupa mgongo huku, ameinama ameshika vishikio vya plau kwa mikono miwili, analia, upepo umemfikishia. Jesca ameanza kumkimbilia, anateleza, anainuka. Daftari linalowa, nafunga.